Pindo la Upande wa Kulia

Mtaani walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, jioni unalikuta limefika nyumbani kabla yako. Mwenyewe aliijua sifa yake hiyo na wala haikumnyima usingizi. Ila kulikuwa na jambo moja, moja tu, alilolifungia kifuani miaka sita, nalo lilimhusu wifi yake.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa fundi cherehani, na nikisema fundi simaanishi wale wa njoo kesho mpaka kitambaa kinaliwa na nondo. Huyu ukiingia mlangoni tu ameshakupima kwa macho. Redio alimfanyia kazi za mkono: vifungo, mapindo, kupiga pasi. Mwaka nenda mwaka rudi walikaa chumba kimoja cha kazi wakitaniana kama mawifi wanavyotaniana, na moyoni Redio hakuwa amewahi kumwona mwanamke wa kumfikia.

Nyonga ya kulia ndiyo iliyomwonea Fundi. Ililika taratibu, mguu ukafupika, akaanza kuchechemea. Lakini ole wako useme! Mteja mmoja alimsogezea kiti kwa huruma, akarudishiwa kitambaa chake bila kukatwa.

"Mimi sichechemei," alimwambia. "Nina mwendo wangu."

Mwishowe maumivu yalimshinda, akakubali kuwekewa nyonga bandia. Siku ya pili tu alisimama kwa mikongojo, meno ameyauma, jasho linamtiririka, akihesabu hatua kwa sauti. Redio alimtazama, akaona fahari mpaka machozi yakamlengalenga. Miezi miwili baadaye mikongojo iliwekwa nyuma ya mlango, fimbo ikashika zamu.

Ila mguu haukuacha kuuma. Nyonga yenyewe ilikuwa imetulia, lakini paja liliwaka moto mpaka gotini, hasa zile hatua za kwanza akitoka kitini. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimweleza kwamba misuli iliyojikunja miaka sita hainyooki kwa mwezi mmoja, huenda hata mwaka ukakatika. Fundi akashika hilo. Kila siku aliinua mguu ubavuni mara kumi, akapanda ngazi moja na kushuka, akajikanda kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo. Miezi mitano hakukosa hata siku moja.

Basi asubuhi moja, akijiandaa kurudi kwenye cherehani, alivua zile sketi za mpira alizoshinda nazo tangu upasuaji, akavaa gauni lake la kazi, la kijani, na kusimama mbele ya kioo cha wateja. Pindo lilikuwa limepanda upande wa kulia, vidole viwili vizima.

"Wifi, njoo uone," alisema. "Mguu wameurefusha."

"Mguu si suruali, wifi."

"Gauni hili nimelivaa miaka mitatu, limekaa sawa. Gauni halijabadilika. Sasa kilichobadilika nini?"

Akavaa la pili, akavaa la tatu. Yote yalipanda kulia. Kumbe ndiyo maana unauma, alisema, na nani angembishia? Mtaalamu alimlaza akampima miguu yote miwili kwa utepe, ikalingana. Fundi akautazama ule utepe kwa dharau.

"Wa plastiki huo. Ukizeeka unavutika. Mimi naamini nguo zangu."

Kuanzia hapo mazoezi yakakoma. Kuhangaika na mguu uliokosewa kukatwa kuna faida gani? Jumatatu ya wiki ya pili angekwenda kwa daktari amwambie afumue, ashone upya. Siku ya tisa bila mazoezi aliomba arudishiwe mikongojo. Mtaalamu alikuwa amemvuta Redio kando na kumwonya kwamba mguu huo ukiachwa utakakamaa, na upasuaji wa pili si mchezo.

Redio alikosa raha, kwa sababu alijua nguo zile zilikuwa zinasema nini.

Pindo huwekwa alama gauni likiwa mwilini. Fundi alikuwa anasimama wima, Redio anachuchumaa na rula ya mbao, anamzunguka akitia chaki, kipimo kile kile kutoka sakafuni. Miaka sita nyuma, alipolikunja gauni moja mezani, aliona upande wa kulia ni mfupi. Akadhani amekosea, akapima tena. Hakuwa amekosea. Kiuno cha wifi yake ndicho kilichokuwa kimeinama kulia. Akashona pindo hivyo hivyo, ili gauni likivaliwa likae sawa, akalipiga pasi, akalitundika mwenyewe. Kila gauni lililofuata alilifanya vivyo hivyo. Ningekuwa mimi ningesema, sijisifu. Yeye, na mdomo wake ule, hakusema.

Jumapili mchana aliingia chumba cha kazi na lile gauni la kijani mkononi. Ukali wa Fundi aliujua, na hakutaka kurudishwa nyumbani kama kitambaa cha yule mteja. Alilikunja gauni katikati mezani, mshono juu ya mshono, bega juu ya bega. Chini, pande mbili zilipishana vidole viwili.

Fundi aliegemea meza, akatazama.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mguu ulipoanza kufupika, wifi. Ulikuwa unachechemea. Haukurefushwa. Umerudi ulipokuwa."

Redio alingoja radi ipige.

"Na kaka yako ulimwambia?"

"Hapana."

"Majirani?"

"Sikumwambia mtu."

Fundi alimkodolea macho kana kwamba ameonyeshwa samaki anayepanda mti. Kisha akachukua kiwembe, akafumua pindo upande wa kulia, uzi mmoja mmoja. Kitambaa kilichoshuka kilikuwa cha kijani kibichi, kama siku kilipotoka dukani, na sehemu nyingine yote ya gauni ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni.

"Hukukata?" aliuliza. Pindo nene halikai vizuri, kinachozidi hukatwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Sikukata. Nilisema, huenda siku moja ukapona."

Fundi alilia. Alilia waziwazi, yeye ambaye hakulia hata siku ya mikongojo, akajifutia gauni lenyewe. Kisha akajikokota mpaka kwenye cherehani, akaketi, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio. Uso ulimkunjamana. Gurudumu lilizunguka mara moja, likasita, likazunguka tena, na pindo jipya likashonwa mpaka mwisho.

Jumatatu hakwenda kwa daktari. Alishika ngazi yake, akapanda na kushuka.

Wiki hiyo hiyo mteja mmoja alimwona na gauni lile, lenye kipande cha rangi mpya chini kulia, akaona ajabu.

"Jamani, huo ndio mtindo gani?"

Redio alifunua kinywa, akakifunga. Akainamia kifungo chake.

"Nilikuwa nachechemea," Fundi alijibu, akikanyaga cherehani. "Miaka sita. Wifi yangu alinifichia."

"Huyu Redio?"

"Huyo huyo."

"Na sasa mguu hauumi?"

"Unauma," alisema Fundi. "Simama wima, nikupime."