Sanduku la Kiema

Waswahili husema hasira hasara. Kwa Kaluki hasara ndiyo iliyotangulia, hasira ikaifuata mbio. Mbegu yote ya ndengu aliyoificha hata watoto walipolala njaa ilichipuka kwa manyunyu ya siku moja, kisha ikakauka shambani. Mumewe Kiema ndiye aliyeipanda, Kaluki akiwa matangani Nunguni, kwa sababu ujumbe wa simu ulisema udongo una unyevu wa kutosha.

Ujumbe huo ulitoka kwa setilaiti ndogo, ukubwa wa mkate, iliyopita juu ya Kibwezi ikiokota habari kutoka kwa sanduku lililosimikwa kando ya shamba lao. Kiema alipewa kazi ya kulitunza, na tangu siku hiyo alitembea kama bwana harusi. Majirani nao walikuwa wamepanda kwa neno la sanduku hilo.

Siku aliyokuja Nuradin, fundi wa mradi wa setilaiti hiyo, majirani walimzunguka. Kaluki alifika akitoka mtoni, akatua mtungi wake na kumwambia bila kupepesa macho kwamba chombo chake kimewaua. Nuradin alijitetea kwa upole. Setilaiti haibuni kitu, alisema, hupeleka tu yale yanayopimwa na vijiti vilivyo ardhini chini ya sanduku, na vijiti hivyo vilikuta unyevu kila asubuhi.

Kiema, akitaka mgeni aone bidii yake, akauchukua ule mtungi akaliosha sanduku juu hadi chini, akisugua vumbi kwa kitambaa. Maji yakateremka, yakanywewa na udongo pale penye vijiti.

Nuradin aliinama akaugusa udongo ule uliolowa. "Unafanya hivyo kila siku?"

"Kila asubuhi. Si uliniambia niliweke safi?"

Nuradin hakukana.

Kaluki aliutazama mtungi. Maji hayo aliyabeba mgongoni kila siku, ukanda wa mtungi ukimchimba kipaji cha uso, akidhani ni ya mbuzi. Alikuja kugombana na kitu cha angani, na sasa hasira ikamgeukia mumewe.

"Kumbe hiyo mvua yenu ni mimi nilikuwa nabeba," alisema.

Akauchukua ukanda wa mtungi, akamvika Kiema kichwani mbele ya wanaume wenzake, akamwonyesha njia ya mtoni. Kisha akamgeukia Nuradin, akamwambia asiondoke. Nyumbani kulikuwa na mtungi mwingine.