Pochi Nzito

Jumanne saa nne asubuhi, msahihishaji alikuwa mezani kwake sebuleni akisoma skrini ya kompyuta, penseli nyekundu nyuma ya sikio. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya shule kabla havijachapwa na kuwinda makosa, na mazoea yana tabu: aliona kosa kabla ya kuona maana. Skrini ilisema, "Faili hili halina luhusa ya kuendeshwa."

"Ruhusa," alisema peke yake. "Si luhusa."

Kompyuta haikuwa yake. Ya kwake ilikufa mwanzo wa mwezi, na fundi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara alimwazima hii, yenye mfumo huria ambao haununuliwi dukani na ambao watu wa kujitolea walikuwa wameutafsiri kwa Kiswahili. Hakuna kitu kilichokaa pale alipozoea. Siku ya kwanza alitafuta namna ya kuizima kwa nusu saa, mwishowe akaifunika kitambaa kama kasuku.

"Ukiona kosa, rekebisha mwenyewe," fundi alikuwa amemwambia. "Ndiyo maana ya huria, dada. Kila mtu anaruhusiwa kutia mkono."

Faili alilolipakua lilikuwa pochi ya sarafu za mtandaoni. Hakuwa na sarafu hata moja. Aliyekuwa nazo ni mdogo wake, ambaye nyumbani waliacha kumwita kwa jina tangu azaliwe na kumwita Kitinda, kwa kuwa mama yao aliapa kwamba huyo ndiye kitinda mimba na akatimiza. Kitinda alikwenda nje kufanya kazi ya ghala, kushusha na kupakia makontena. Kampuni iliwalipa kwa sarafu hizo. "Sizigusi, dada," alisema kwenye simu. "Zinakaa mpaka zitoshe operesheni ya goti la mama. Nikinyamaza sana, fungua pochi." Kisha akamtajia maneno kumi na mawili ya kufungulia, moja moja, naye akayaandika nyuma ya karatasi ya hesabu za darasa la sita. Miezi saba alipiga simu kila Jumapili. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa kimya.

Msahihishaji alifungua dirisha jeusi, akachapa herufi kwa herufi amri aliyoandikiwa na fundi, na faili likapata ruhusa. Pochi ikafunguka ikamuuliza: nyepesi au nzito? Chini yake kulikuwa na maelezo. Pochi nyepesi huuliza wengine. Pochi nzito haimwamini mtu; huleta daftari lote mpaka nyumbani kwako, kila malipo ya kila mtu tangu siku ya kwanza.

Mtu wa kazi yake hakubali kuambiwa na wengine. Alichagua nzito, akaingiza yale maneno, na pochi ikaandika: Inasawazisha, asilimia sifuri. Tahajia ilikuwa sahihi. Aliridhika, akaenda kuinjika chai.

Saa nne na nusu mlango ukabishwa.

"Hodi," alisema mwanamume mwembamba mwenye bahasha mkononi. "Napita tu."

Alifuta viatu, akakatiza sebule, akapita jikoni akatokea uani. Alipofika kwenye kamba ya nguo aliinama chini ya shuka, na upande wa pili wa shuka hakutokea.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Wa kwanza daftarini, nadhani."

Mpaka jioni walipita kumi na wawili, wengi vijana wachangamfu waliotaniana njiani. Siku ya pili walikuwa mia. Siku ya tatu foleni ilianzia barabarani, na hakuna aliyebisha tena kwa sababu milango yote miwili iliachwa wazi. Wenye kitu mkononi walikutana mbele ya meza na waliokuja mikono mitupu, kitu kikabadilisha mikono, kisha wote wakatoka kwa mlango wa nyuma. Walikuwa na adabu. Waliinua miguu kwenye waya wa kompyuta, na kila mmoja alisema samahani.

Kutoka mlango wa mbele hadi wa jikoni zilikuwa hatua sita. Hakuna aliyezitembea polepole, na hakuna aliyeweza kusimama.

Upepo wa milango miwili ulirusha karatasi, kwa hiyo msahihishaji akawa anafanya kazi wima, kiwiko juu ya kurasa. Alisoma sentensi moja mara nne. Chai ilipoa kila ilipomiminwa. Mama, ambaye kwa miaka miwili hakuinuka ila kwa lazima, sasa hakukaa. Alichechemea na fimbo yake kutoka mlango huu hadi ule, akiuliza kila anayepita, "Hujakutana na Kitinda?" Walimjibu vizuri kwamba hapa watu hawafahamiani. Hata usiku, kitandani, wote wawili walilala miguu ikitikisika.

Jumamosi alikuja mwenye nyumba. Alilazimika kupanga foleni.

"Mkataba ni wa watu wawili," alisema akipita mbele ya meza.

"Hawa hawakai," mama akamjibu. "Wanapita."

Mwenye nyumba alitaka kubishana, lakini tayari alikuwa jikoni, na watu wa nyuma walikuwa na haraka. Akajikuta uani.

Siku ya tisa, pochi ikiwa imefika asilimia tisini na saba, Kitinda aliingia. Alikuwa mnene kiasi, shingo ikimetameta, akitembea kama mtu aliyelipwa mara ya kwanza. Karani wa kampuni alikuwa akitembea kando yake, akamtilia bahasha mfukoni.

"Shikamoo mama! Dada, mmeamkaje?"

"Mwanangu!" Mama alimshika mkono, akawa anakwenda naye. "Mbona hupigi simu?"

"Si nilipiga Jumapili? Ukaniambia paka wa jirani kazaa."

Mama alikumbuka. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kwanza wa kazi, na huyu alikuwa Kitinda wa mwezi wa kwanza. Wakati anakumbuka, kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe aliwafikia kutoka nyuma, akaingiza mkono katika mfuko wa Kitinda kama anavyoingiza mtu katika mfuko wake mwenyewe, akatoa bahasha, akaendelea mbele.

"Kitinda, anakuibia!" msahihishaji alisema.

"Nani? Yule ni msimamizi wetu, dada. Ndiye aliyetufungulia pochi. Hata maneno alituandikia yeye."

Akainama chini ya shuka.

Mchana ule alipita mara kumi, miezi kumi kwa mpigo. Kila alipoingia hakukumbuka aliyoambiwa alipotoka, na kila mara msimamizi alikuwa nyuma yake. Mwezi wa nne shingo haikumetameta. Mwezi wa sita dada yake alimpa yai la kuchemsha, akalila kwa hatua tatu bila kumenya vizuri. Mwezi wa nane mama aliuliza tena juu ya simu.

"Wamezikusanya, mama. Zote."

Mwezi wa kumi aliangalia viatu vya aliye mbele yake, na mkono wa msimamizi ulikuwa mfukoni mwake tangu mlangoni.

Jioni pochi ikaandika: Imekamilika. Chini yake iliandika salio la Kitinda, sifuri. Msahihishaji alilitazama neno sifuri, akatafuta kosa, hakuliona.

Alimwita fundi. Fundi alikuja na kiti chake, akakaa pembeni ya njia, akasoma daftari mpaka kahawa yake ikaisha.

"Iko hapa, dada. Inaingia saa tano, inatoka saa tano hiyohiyo. Kila mwezi."

"Uliniambia nikiona kosa nirekebishe."

"Mfumo, ndiyo. Daftari halirekebishwi. Hiyo ndiyo sifa yake, watu hulipendea hiyo."

"Sasa mimi ninalo la nini?"

Fundi alisogeza miguu mtu apite. "Unajua," alisema. "Wengi hawajui."

Alijitolea kuizima kompyuta kabisa. Mama alisimama mbele ya soketi na fimbo yake, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Daftari lilikuwa limefika leo, kwa hiyo kuanzia siku ile walipita watu wa leo tu, kundi baada ya kundi, kila baada ya dakika kumi. Ilivumilika. Siku ya mshahara msahihishaji alimleta askari wa kituo cha karibu. Askari alipewa kiti, chai na mkate, akafungua kitabu chake. Wafanyakazi wa ghala walikuwa arobaini, na msimamizi alipita nyuma ya kila mmoja. Askari aliona mkono ukiingia mfukoni mara arobaini.

"Amevunja mahali?" aliuliza.

"Hapana, afande," msahihishaji alijibu.

"Ametumia nguvu?"

"Hapana. Ana maneno yao ya kufungulia."

"Dada, mtu mwenye ufunguo hatumwiti mwizi. Na ghala liko nchi nyingine."

"Lakini anapita hapa. Mkamate akifika hapo mezani."

Askari alimtazama msimamizi akija kwa mara ya arobaini na moja, akiwa na bahasha yake mwenyewe. Aliinuka nusu. Msimamizi akasema samahani, akainua mguu kwenye waya, na akawa ameshapita.

"Hasimami," askari alisema, akakaa. Aliandika: Hakuna tukiyo. Msahihishaji alichukua penseli nyekundu, akaiondoa ile y, akamrudishia kitabu.

Siku hiyo Kitinda alipita saa tano kamili, naye alikuwa Kitinda wa leo. Dada yake alitembea kando yake.

"Anachukua yote," alimwambia.

"Najua, dada. Sote tunajua. Pasipoti zetu anazo yeye."

"Rudi nyumbani."

"Si ndiyo nimefika?" Alicheka kidogo, akatazama meza, kuta, kalenda, upesi upesi, kama mtu anayesoma kibao kutoka dirishani mwa gari. Kisha akainama chini ya shuka.

Mwezi uliofuata walijua la kufanya. Msahihishaji aliandika habari zote za nyumbani kwa sentensi fupi, akaondoa viunganishi, akafanya mazoezi ya kuzisoma kwa hatua sita. Mayai yalimenywa mapema. Mama aliona kwamba shati la Kitinda, ambalo lilikuwa hilohilo, halina kifungo cha tatu, na kifua kilichokuwa wazi kilikuwa cha mtu mwingine kwa wembamba. Alitafuta kifungo kinachofanana, akatunga uzi asubuhi na mapema, akasimama mlangoni bila fimbo.

Kifungo kina matundu manne. Kwa hatua sita, akirudi kinyumenyume na goti lile, mama anawahi tundu moja. Alishona huku Kitinda akitafuna na dada yake akisoma. Mkono ukaingia, bahasha ikatoka. Na walipofika mlango wa jikoni mama aliinama akakata uzi kwa meno.

"Mwezi ujao la pili," alimwambia mwanawe. "Usikivute."

Kitinda aliinama chini ya shuka, mkono mmoja umeshika kifungo.

Msimamizi, aliyekuwa akiwafuata kwa adabu mpaka njia iwe wazi, alimwinamia mama kidogo akipita.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba," mama akajibu, uzi ungali mdomoni.