Karatasi Isiyo na Kichwa

Vibarua wawili wa halmashauri walikuwa wamefika kibanda cha tisa rangi ilipowaishia. Mmoja aliinamisha kopo, akakwangua chini kwa brashi, akapata ya kutosha nusu ya X. Mlango wa kinyozi ukabaki na mstari mmoja mwekundu. Wakavuka barabara, wakaingia dukani kwa Mwenyekiti, kwa kuwa mji mzima haukuwa na duka jingine la rangi.

"Shikamoo, Mzee. Nyekundu ya mafuta ipo?"

"Marahaba. Ipo."

Mikono yake iliijua kazi. Ilishusha kopo, ikabandua mfuniko kwa bisibisi, ikakoroga kwa kijiti mpaka mafuta yaliyoelea juu yakachanganyika. Ilikuwa ikifanya hivyo miaka ishirini na sita, haikumhitaji yeye awepo. Aliisikia sauti yake ikiwaambia, kama inavyomwambia mteja yeyote, wasubiri umande ukauke ukutani, la sivyo rangi itabanduka.

"Aa, Mzee, hii si ya kudumu," kibarua akasema. "Jumatatu tingatinga linapita." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kutazama viatu vyake.

Alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Hata mkewe nyumbani alimwita Mwenyekiti, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni ya biashara tu. Juu ya makopo zilining'inia barua tano za shukrani, zote kwenye fremu. Bomba la maji la stendi alilivuta yeye. Ukitaka mtu wa kukata utepe, au wa kusimama msibani aseme maneno mawili, ulijua pa kwenda. Naye alipenda. Tusifichane, alipenda sana.

Wa kwanza kuwekewa X alikuwa mjane wa mdogo wake, fundi cherehani wa kibanda cha mwanzo. Alivuka barabara na futi yake ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji, nina swali moja tu. Siku ile ya kikao, tulipopewa chai, niliweka kidole kwenye nini?"

"Kwenye mahudhurio."

"Mahudhurio ndiyo nini?"

"Kwamba ulikuwepo."

"Sawa. Nilikuwepo." Akageuka, akautazama mlango wake. "Sasa mbona wanasema nimekubali?"

Mwenyekiti akafuta bisibisi kwa kitambaa. Aliona aibu, lakini kwa mbali, kama jino lililopigwa ganzi.

Afisa wa mipango alifika saa nne, mtu mpole, faili kwapani. Akachagua kivuli cha baraza la duka.

"Mwenyekiti wetu! Kazi inakwenda vizuri."

"Afisa, hawa watu hawakukubali kuhama. Walihudhuria kikao tu."

Afisa hakukasirika. Alifungua faili, akamgeuzia. Ukurasa wa pili Mwenyekiti aliufahamu: majina thelathini na nane, saini zao, dole gumba la shemeji yake kwa wino wa bluu, na juu kabisa saini yake mwenyewe yenye mkia mrefu. Ukurasa wa kwanza hakuwahi kuuona. *Sisi tuliotia saini tumeridhia kuondoka kwa hiari yetu, bila fidia wala madai yoyote.*

"Siku ile karatasi haikuwa na kichwa," akasema. "Karani alituambia kichwa kitachapwa ofisini."

"Na kimechapwa."

Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote. Shuleni, zahanati, kote: saini kwanza, kichwa baadaye, chai isipoe. Karatasi ile aliipitisha yeye, meza hadi meza. Wino ulipokataa kushika, ni yeye aliyemshika shemeji yake mkono, akakibonyeza kidole mpaka mistari yote ikatoka vizuri.

"Na duka langu?"

"Lako halimo. Barabara mpya inapinda kidogo hapa." Afisa akapitisha kidole kwenye ramani, na kweli mstari ulipinda. "Hukuomba, najua. Lakini wakubwa hawamsahau mtu anayeshirikiana nao."

"Mwenyekiti!" kinyozi akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Na sisi tufundishe kupindisha barabara!"

Watu wakacheka. Kingekuwa kicheko cha hasira, angekiweza. Kilikuwa kicheko cha watu wanaofunga mizigo.

Akaingia ndani, akatoka na rangi nyekundu iliyobaki na brashi ya inchi nne, akachora X kwenye ukuta wake, toka usawa wa kichwa hadi magotini. Aliichora vizuri, bila kudondosha tone. Ng'ambo nyundo zilizokuwa zikibomoa rafu zilinyamaza. Akasubiri ajisikie vyovyote. Hakuna kilichokuja.

Afisa akasogea, akaikagua. "Hii haina namba kama zile za ng'ambo."

"Iandikieni."

"Namba inatoka kwenye orodha ya vibanda vinavyobomolewa, Mwenyekiti, na wewe humo. X isiyo na namba ni uchafu tu ukutani. Halafu kesho kuna wageni." Akashusha sauti, kama anayeongea na mgonjwa. "Nyeupe unayo?"

"Ipo." Jibu lilitoka kabla hajaamua kulitoa.

Vibarua walikuwa wamesharudi kazini ng'ambo, kwa hiyo alipaka mwenyewe. Mkono wa kwanza wa rangi, X ikageuka waridi. Mkono wa pili, ikabaki kama kovu. Nyekundu ya mafuta inataka mikono mitatu, aliwaambia wateja hivyo miaka yote. Kati ya mkono na mkono alisubiri rangi ikauke, na ng'ambo shemeji yake akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakunja nguo za watu zisizomalizwa, akamwomba kinyozi amshikie upande wa pili wa meza. Mwenyekiti hakuombwa.

Saa kumi alimaliza mkono wa tatu. Jua lilipoupiga, ukuta ule ulikuwa mweupe kuliko wowote mtaani, na waliopita na mizigo yao walilazimika kufinya macho.

Shemeji yake alipita wa mwisho, kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye khanga mgongoni, kama mtoto. Akasimama mbele ya ukuta. Akanyoosha dole gumba, akalibonyeza kwenye rangi mbichi, akalishikilia hapo kwa muda, bila kusaidiwa na mtu.

"Mahudhurio," akasema, akaenda zake.

Alama ilikuwa ndogo, mistari yake yote ikionekana. Mwenyekiti alisimama akiitazama. Brashi ilikuwa mkononi, bado ina rangi.

Afisa, aliyekuwa akikusanya ramani zake barazani, akainua kichwa.

"Mwenyekiti," akasema kwa upole. "Hapo pamebaki."