Saa Kumi kwa Akina Bunce

Jumanne ile fundi mwashi Dorcas Pettifer alikuwa akikwangua chokaa iliyooza kwenye kibanda cha matofali, bustanini kwa Bwana Peregrine, watu watano walipoingia bila kupiga hodi. Mama yao alitangulia na sufuria ya viazi. Walikuwa wamekufa miaka mia mbili na ushei iliyopita. Viatu vyao vilijaa tope.

"Pole na kazi, fundi," alisema yule mama, Keziah Bunce. "Usitujali. Tunakula, tunaondoka."

"Karibuni. Ila angalieni ngazi yangu."

Keziah alimenya viazi huku akieleza. Matofali yale yalikuwa ya nyumba yao. Bwana wa shamba hili wa enzi zile hakupenda kuiona kutoka dirishani kwake, akaibomoa, akayajengea kibanda cha kunywea chai.

"Sisi tukahamia barabarani. Huyu kitindamimba wangu hakumaliza baridi ile."

Dorcas alikwenda kumweleza Bwana Peregrine, naye akakuna kidevu.

"Wanavuta sigara?"

"Hapana, bwana."

"Basi hawana neno. Ila Jumamosi kuna harusi. Waambie wasije na viazi."

Wiki iliyofuata Dorcas alipata barua ya Bwana Peregrine. Nyumba ya bwana aliyokaa pale getini ingevunjwa, kwa kuwa wageni wa harusi walikosa pa kuegesha magari. Aliirudisha barua mkononi kwa mwenyewe.

"Bwana, nimezaliwa mle. Mama amefia mle."

"Najua, Dorcas. Ndiyo maana sikumwachia karani. Nimekuandikia kwa mkono wangu."

Septemba nyumba ikavunjwa. Matofali yake yalikuwa ya zamani, rangi ileile, yakaletwa kuziba ukuta wa magharibi wa kibanda. Dorcas, ambaye sasa alilala kwenye kochi la dada yake mjini na kuja kazini kwa basi, aliyapanga moja moja. Hakuna mwingine aliyejua kuyanyoosha. Yenye masizi ya jiko aliyageuza, masizi yakae ndani.

Saa kumi, kama kawaida yao, akina Bunce waliingia. Nyuma yao alikuja mama yake Dorcas, na aproni yake, akihema kwa mwendo. Keziah alimsogezea kiti.

Nje, magari ya harusi nyingine yalikuwa yakiegeshwa.

"Ndiyo kona yangu hii?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Upepo unapita hapa."

Dorcas alichota chokaa, akaziba.