Mlango Uliofunguliwa Msibani

Barua ilikuwa imeshachapwa. Esinam alitakiwa kutia sahihi tu, akiri kwamba uzembe wake ndio uliowapa wezi kumbukumbu za wajawazito elfu tisa wa kliniki za Kumasi, kisha aondoke kazini kimyakimya. Eti uzembe! Aliisoma mara mbili.

Mkurugenzi wake, Bwana Agyekum, alikuwa akimweleza mwenyekiti wa bodi kwa sauti ya upole kwamba funguo za siri walizotumia wezi zilikuwa na jina la Esinam. Hapo hakudanganya. Programu za kampuni, iliyotunza kumbukumbu za kliniki hizo, zilikaa ndani ya kontena, yaani vifurushi vinavyoendesha programu, kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, na kontena zote ziliendeshwa kutoka ukurasa mmoja. Aliyeingia kwenye ukurasa huo aliweza kuzisoma funguo za kufungulia kumbukumbu zilizomo. Ndiyo maana Esinam aliuwekea nywila, na akahakikisha haufunguki nje ya ofisi.

Ijumaa Agyekum alimpigia simu akitaka vizuizi hivyo viondolewe, kwa siku moja tu, ili aweze kuufungua ukurasa huo akiwa msibani. Esinam akakataa, akamweleza sababu taratibu kama anavyoelezwa mtoto. Kumbe bosi alikuwa na uwezo wa kuviondoa mwenyewe, na Jumamosi akaviondoa kwa simu yake, palepale kwenye mazishi ya mama mkwe wake, huku Esinam, aliyekwenda kusaidia, akiwa amevaa nyeusi akiwagawia waombolezaji wali na maji. Wezi hawakuhitaji hata saa mbili. Jumapili nzima Esinam alishinda akibadilisha funguo, na simu ya bosi ilikuwa imezimwa.

Sasa aliigeuza kompyuta yake iwaelekee. Mfumo ulikuwa umeandika kila kitu: vizuizi viliondolewa Jumamosi, saa nane na dakika saba mchana, kwa jina la Agyekum.

Agyekum akasema labda kuna mtu aliichezea simu yake kwenye ule umati.

Mwenyekiti, Mzee Tuffour, alikuwa mjomba wa mke wa Agyekum. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Saa nane ulikuwa umekaa na mimi," alisema. "Ulikuwa unatuonyesha simu, unatuambia kampuni nzima iko kiganjani mwako. Nikakuuliza mbona haikuulizi hata nywila. Ukacheka."

Agyekum alikohoa. Akamgeukia Esinam, na sauti yake ikawa ya kubembeleza.

"Sista, basi tuirekebishe barua. Tuandike 'sisi'. Nilikuwa na msiba, unaelewa."

Esinam aliwaza wale wanawake, majina yao na magonjwa yao mikononi mwa watu wasiojulikana, na bado hakuna hata mmoja aliyeambiwa.

"Bosi, wale wezi walitumia jina langu bila kuniomba," alisema. "Wewe angalau umeniomba. Jibu ni hapana."

Alichukua kalamu, akalikata jina lake kwenye barua, kisha akamsogezea Agyekum karatasi na kalamu. Mahali pa sahihi palikuwa bado patupu.