Maoni ya Simiyu

Elina Masunga alikwenda mwenyewe kuwaalika. Alipanda pikipiki akaanzia Lalago, alikozaliwa, akapita Sapiwi, akafika mpaka Mkula upande wa ziwani. Yeye ni mtafiti wa wadudu wa mazao. Chombo kilichoitwa Jopo la Vipaumbele vya Sayansi kilikuwa kimemwomba awakusanye wakulima na wafugaji wa mkoa wake mjini Bariadi. Serikali ilitaka kuamua fedha za umma za utafiti ziende wapi kwa miaka mitano ijayo, na safari hii, walisema, ingeanza kwa kuwasikiliza wananchi.

Philomena, mjane wa Sapiwi, hakutaka kuja. Ndama wake walikuwa wamekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, mmoja baada ya mwingine, ingawa hakuacha kuwapeleka josho. Kupe walikuwa wanatoka kwenye dawa wazima.

"Mwanangu, mikutano nimekaa mingi," alimwambia Elina. "Tunakunywa soda, tunarudi nyumbani."

"Huu ni tofauti, mayu," alisema Elina, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hapa ndipo panapoamuliwa nini kichunguzwe na nini kiachwe. Usipokuja, kupe wako hakuna atakayewataja."

Kwa maneno hayo Philomena alikubali.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, na kila aliyeingia alipewa fulana ya Jopo. Mjumbe wa Jopo, Dakta Selestini Maige, mtu wa Maswa aliyehamia Dodoma zamani, aliwasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" na watu wakamwitikia kwa kicheko. Kisha akaacha mzaha.

"Nchi haina fedha ya kutafiti kila kitu," alisema. "Nipeni jambo moja la kwanza kwa mkoa huu. Moja tu. Msipokubaliana, sina cha kupeleka."

Ugomvi ukaanza. Mahona, mkulima wa pamba wa Lalago, alisimama kabla hajapewa nafasi.

"Napulizia dawa leo, kesho kutwa funza yumo ndani ya kitumba anakula! Tunauziwa maji yenye harufu. Nani amewahi kuja kupima kwa nini wadudu hawafi?"

"Na kupe je?" akasema Philomena. "Wao wanakufa?"

Sayi, mwanamke kijana anayelima mpunga Mkula, akasema hao wote wanaongea kana kwamba ziwa halipo. Maji yakipanda, jaruba zake zinaoza, na mbegu ya kuvumilia hayo hajaletewa. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma akiuliza Msukuma bila ng'ombe ni nani. Mwingine akamjibu kwamba ng'ombe wenyewe walinunuliwa kwa pamba. Kiswahili kikawaishia, wakahamia Kisukuma. Mahona alipiga meza. Sayi alikaa chini kwa hasira, akakataa kusema tena.

Elina aliwatazama akafurahi. Siku zote alikuwa akitamani kuona jambo hili: watu wakichagua kitu huku wanajua kabisa wanapoteza nini.

Mwisho Philomena akasimama tena. Safari hii alizungumza polepole.

"Ndama wangu wakifa, nalia mimi na jirani zangu. Pamba ikifa, Lalago inalia, Sapiwi inalia, na hata huyu binti wa Mkula mpunga wake hauna wa kuununua. Andikeni funza wa pamba. Kupe wasubiri."

Wafugaji wengine waliinamisha vichwa, lakini hakuna aliyempinga. Sayi naye akainua mkono kukubali. Dakta Maige akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akaandika kwa herufi kubwa ubaoni: SIMIYU, USUGU WA FUNZA WA PAMBA.

Wakatoka kwenda kula. Wapishi walikuwa wamepanga masufuria uani, na mmoja wao alikuwa na redio. Taarifa ya habari ya saa saba ilipoanza, Elina alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Mtangazaji alisema vipaumbele vya taifa vya utafiti vimezinduliwa asubuhi hiyo. Akavitaja: roketi na satelaiti, akili mnemba, madini adimu, dawa za viwandani. Havikuwamo pamba, mifugo wala mpunga. Kisha akaongeza kwamba vipaumbele hivyo vimetokana na maoni ya wakulima na wafugaji wa mikoa yote, ukiwamo Simiyu.

Elina aliiweka sahani chini. Alimkuta Dakta Maige kwenye kibaraza, anakula.

"Ulijua?"

Maige hakuuliza anajua nini. "Nilijua rasimu ya vipaumbele imepita. Sikujua wangezindua leo."

"Kwa hiyo asubuhi yote tulikuwa tunafanya nini?"

"Ushirikishwaji. Mwongozo unataka kila mkoa ushirikishwe."

"Kabla ya kuamua au baada?"

"Mwongozo hausemi, Elina." Alifuta mikono. "Usiniangalie hivyo. Satelaiti nazo zina maana yake. Mimi natumwa tu."

"Yule mama ameachia ng'ombe zake mbele yako. Ukamwambia wabeja."

Maige alisema tu kwamba watu warudi ndani, maana mpiga picha wa Jopo ana haraka.

Watu waliporudi, Elina alichukua kipaza sauti akawaeleza kwa Kisukuma alichokisikia redioni. Hakuongeza neno, hakupunguza.

Mahona alimgeukia yeye kwanza. "Na wewe ndiye uliyetuita!"

"Ndiyo, baba. Nilidanganywa, nikawapitishia ninyi uongo huo."

Philomena alisogea mpaka mbele ya Maige. "Kile nilichokiachia asubuhi, nilimwachia nani?"

"Mama, maoni yako..."

"Sijauliza maoni. Nauliza nilimwachia nani. Kama niliachia Lalago, sawa, ni ndugu zangu. Lakini Lalago haikupata. Nani amechukua?"

Watu wakaanza kusema apige simu kwa wakubwa wake. Maige alisita, kisha akapiga na kuweka simu wazi juu ya meza ili wote wasikie. Aliyepokea, Katibu wa Jopo, hakungoja salamu.

"Selestini, vipi, picha mmepata? Ripoti haina picha za akina mama, na kiwandani wanasubiri kuchapa."

"Katibu, nipo na..."

"Wapange mbele. Wavae zile fulana."

Philomena aliinama juu ya simu. "Mama yupo hapa," alisema. "Anakusikia."

Simu ilikatika.

Hapo hapo Mahona akaivua fulana ya Jopo aliyokuwa amevaa juu ya shati lake, akaikunja, akaiweka mezani. Wengine wakafuata. Hawakutukana, hawakuvunja kitu. Walitoka wakamwacha mpiga picha na viti vitupu.

Elina aliandika kwa Jopo kwa jina lake mwenyewe, na waliokuwapo wakatia sahihi. Waliomba jambo moja: Simiyu iondolewe kwenye ripoti. Mkuu wake wa kazi alimwita akamwonya kwamba anajiharibia. Ombi lake la fedha za kuchunguza usugu wa funza lilirudishwa, limekataliwa kwa kuwa liko nje ya vipaumbele vya taifa. Alilisoma jibu hilo amesimama, akatoka nje kwa sababu alitaka kupiga kelele.

Ripoti ilipotoka, ilikuwa na sentensi mpya ukurasa wa mwanzo: mikoa yote ilishirikishwa isipokuwa Simiyu, ambayo haikuwasilisha maoni.

Wapo mjini waliomlaumu Elina kwa kuutia mkoa aibu. Alikwenda Sapiwi kumsomea Philomena sentensi hiyo, akitarajia naye amlaumu. Philomena alikuwa anamchomoa ndama wake mchanga kupe masikioni kwa vidole.

"Haikuwasilisha?" alisema. "Tuliwasilisha, tena kwa kugombana. Sasa wametuongopea mara ya pili."

"Tufanyeje, mayu?"

"Andika tena. Waambie tuliwasilisha, na useme nani alisema nini. Jina langu liweke." Alimshika ndama vizuri asiruke. "Na pale penye pamba, ongeza na kupe. Safari hii siachii."

Elina alikaa kwenye kigoda kando ya Philomena, akaanza kuandika.