Miche Iliyozimia Uani

Lutfar, jirani yetu mfugaji wa kamba, alifika asubuhi, mkataba umekunjwa kwenye msuli, anataka shamba letu aligeuze bwawa la kamba. Baba alikuwa ameshalainika. Maji ya chumvi yameingia mpaka mferejini, na mpunga wa mwaka jana uliungua wote. Mimi nilikuwa na beseni la miche kutoka maabara ya chuo, mbegu tunayoijaribu.

"Haya, Rehnuma, imwagie maji ya mfereji," Baba alisema. "Ikifa, nasaini."

Nikamwaga. Haukupita muda, majani yote yakalala. Lutfar akacheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

"Binti yako kasomea mazishi ya mpunga!"

"Wewe cheka tu!" Damu ilinichemka. "Mizizi imeonja chumvi, ikapiga kengele. Kalsiamu inafurika ndani ya seli, inaamsha protini, na hizo zinawasha pampu za kuisukuma chumvi nje. Majani nayo yamefunga vitundu vyake yasipoteze maji. Ngojeni jioni."

"Kengele! Mbona sisikii?" Lutfar akatega sikio.

Kugeuka, namwona Bibi anakuja mbio na kata ya maji ya mvua kutoka mtungini, maji ya kunywa, ambayo kwetu hata mgeni hanawi nayo mikono.

"Bibi, wee! Usithubutu!"

"Niache! Vimiche vina kiu. Shamba la babu yako liende hivihivi naangalia?"

"Ukivinywesha, watasema ni maji yako yaliyoviponya!"

Nikalikumbatia beseni. Akaniita mchawi, tukavutana, maji yakanimwagikia kichwani. Baba aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilicheka pia, ila moyoni niliogopa kweli. Ilifaulu maabara, na maabara si uani kwetu.

Baada ya alasiri jani moja likainuka. Halafu jingine. Jua lilipopoa, beseni zima lilikuwa limesimama, na Bibi anapiga vigelegele majirani wote wasikie.

"Sisaini," Baba alisema.

Lutfar aliurudisha mkataba msulini. Alichuchumaa, akaligusa jani kwa kidole.

"Binti," aliniuliza kwa sauti ya chini, "lile bwawa langu la nyuma... nikilikausha, hii itaota? Mke wangu kachoka kula mchele wa dukani."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nikashindwa.

"Tutajaribu, mjomba," nikamwambia.